Kabla ununue dainamo, beba mtungi uende mtoni

Mnaijua ile video. Tangi la maji juu, turbaini ya vijiko chini yake, taa inawaka, halafu pampu inarudisha maji kwenye tangi kwa stima ileile ambayo turbaini imetengeneza. Muziki mzito, maelezo hakuna. Na lazima kuna kijana mmoja kutoka kijiji chenye mto anauliza: "Hii naweza kuiunda na elfu ngapi?"

Wasee, hata na milioni haiundiki. Kupandisha maji kunakula nguvu sawa na ile maji hutoa yakishuka, na hapo katikati bomba, beringi na dainamo kila moja inakata ushuru wake. Mtambo kama huo hujizima wenyewe. Ukiona hauzimi, tafuta waya uliofichwa.

Kinachoniuma ni kwamba kijana huyo ana mto wa kweli nyuma ya nyumba, na mto huo unaweza kumfanyia kazi. Kule Murang'a, John Magiro alianza na dainamo ya baiskeli na akafika mahali pa kuwawashia majirani taa. Tungu-Kabiri, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, wanakijiji walishirikiana na wahandisi wakajenga mtambo wa kilowati 18. Huko maji yanashuka mara moja na kuenda zake. Anayeyarudisha juu ni jua na mvua, si pampu.

Kwa hivyo kabla ukimbie Gikomba kutafuta chuma chakavu, beba mtungi wa lita 20 na simu yenye saa. Elekeza maji yapite kwenye bomba moja, uhesabu sekunde. Mtungi ukijaa kwa sekunde 4, una lita 5 kwa sekunde. Halafu pima maji yanashuka mita ngapi. Tuseme 10. Zidisha 5 kwa 10 kwa 9.81 upate wati 490 hivi. Kwa mtambo wa jua kali, nusu yake ikifika kwenye balbu, shukuru. Hiyo ni kama wati 245. Koili ya kupikia sahau, lakini taa, simu na televisheni zinatosha. Na kwa sababu mto haulali, kwa siku nzima hizo ni karibu yuniti 6. Pima tena wakati wa kiangazi, maana mto wa Aprili si mto wa Februari.

Lakini mimi ukiniuliza tuanze wapi, sisemi stima. Nasema haidramu, ile pampu inayosukumwa na maji yenyewe. Angalia vile tunaishi huko milimani: mto uko bondeni, nyumba na shamba viko juu. Maji yanateremka kwa kasi ndani ya bomba la chuma, valvu inafunga ghafla, na yale yaliyokuwa yanakimbia yanakosa pa kwenda. Shinikizo linapanda na kusukuma maji kidogo kupitia valvu ya pili hadi kwenye chemba yenye hewa. Hewa hiyo ikibanwa, inayasukuma yapande kilima. Valvu ya kwanza inafunguka, mchezo unaanza upya. Tak, tak, tak, usiku na mchana, bila petroli na bila tokeni. Si uvumbuzi wa jana: Mfaransa Joseph Montgolfier, yule wa baluni ya hewa moto, aliiunda mwaka 1796.

Nayo pia haifanyi miujiza. Ukiipa lita 60 kwa dakika zinazoshuka mita 2, na unataka maji yafike mita 20 juu, haiwezi kukupa zaidi ya lita 6. Ukiiunda sawasawa, tarajia kama 3. Zingine zinarudi mtoni. Unaona lita 3 ni mzaha? Kwa siku ni lita 4,320, yaani mitungi 216. Sasa niambie ni mgongo wa nani unaobeba mitungi hiyo leo, na ni mtoto gani anachelewa shule kwa sababu yake.

Kuhusu sheria: Sheria ya Kawi ya 2019 haikuhitaji uwe na leseni kama stima ni ya matumizi yako mwenyewe na haizidi megawati 1. Maji ni habari nyingine. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, ukijenga kitu cha kuchota au kugeuza maji ya mto, unahitaji kibali. Sioni ubaya, kwa sababu jirani wa chini naye ana ng'ombe. Ninachotaka ni njia fupi ya kibali kwa mtu wa bomba moja, na vyuo vya ufundi vifundishe haidramu vile vinafundisha kuchomelea mageti.

Na nyinyi wenzangu wenye kamera, mkipandisha video ya turbaini tupeni namba tatu: lita kwa sekunde, mita za kushuka, na wati zilizofika mwisho wa waya. Mturudishe hapo pia baada ya mwezi, majani yakishaziba bomba. Mtu akikosa namba hizo, usimtumie shilingi yako. Hiyo si turbaini, ni sinema.