Ila ya Gari Isifichwe



Karibuni tuliingia yadi moja ya magari mjini Arua kutafuta gari la familia. Tulikuta injini imekwisha pashwa moto. Tukaruhusiwa mzunguko mfupi tu kwenye lami, na fundi wetu akakatazwa kufungua boneti. Tukaondoka.

Je, huko ni kujaribu gari? Injini mbovu hujulikana ikiwashwa baridi, na springi zilizochoka hulia kwenye njia za vumbi za vijiji vya Oraba. Lami hustiri mengi. Mwaka 2018 Uganda ilipitisha sheria ya kuzuia kuingiza magari yenye miaka 15 na zaidi, lakini hata gari changa huwa na ila.

Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Na gari ni vivyo hivyo. Sheria yetu imempa mnunuzi khiyari: akigundua ila iliyofichwa, ana haki ya kurudisha.

Basi wazazi, nendeni na fundi. Nanyi wauzaji, semeni ila kabla ya bei.

Wabillahi Tawfiiq.