SHAURI LA JUMA HILI: Iulize Mazabodi Kwanza, Ndipo Ununue Prosesa





Juma hili nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo zamani halikuwahusu watu wa vijijini, lakini sasa linawahusu. Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ilikwisha kuondolewa, na leo umeme umefika vijiji vingi na kompyuta zimeufuata: katika ofisi ya parokia, shuleni, na katika kibanda cha kijana anayechapa barua na kutoa nakala. Kompyuta ikizeeka huenda polepole. Hapo mtu mmoja husema, "Hakuna haja ya kununua nyingine. Nenda Dar es Salaam, Kariakoo, ukanunue prosesa mpya tu, uipachike humo." Shauri hilo si baya, maana prosesa ni rahisi kuliko mashine nzima. Lakini lina mtego mmoja, na mtego huo umekwisha kula fedha za watu.

Baba mmoja ametuletea barua. Aliuza mahindi, akampa mwanawe fedha aende Kariakoo. Kijana alinunua prosesa mpya, akarudi nayo salama, akaitoa ile ya zamani na kuipachika hii. Akawasha. Taa iliwaka, feni ikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi. Wakaipeleka kwa fundi wa mjini. Fundi akasema, "Mazabodi imekufa. Niuzieni kama chuma chakavu." Baba anauliza: Je, mwenye duka ametuibia, au kijana wangu ameiharibu mashine? Namjibu hapa mbele ya wote, kwa kuwa jambo hili laweza kumpata yeyote: Ndugu yangu, huenda hakuna aliyeiba wala aliyeharibu. Usiiuze bado.

Mlinzi na daftari lake

Yafaa kwanza tujue kinachotokea kompyuta inapowashwa. Prosesa ndiyo akili ya mashine. Mazabodi ni ule ubao mkubwa wa ndani, ambamo prosesa na viungo vingine vyote hupachikwa. Katika ubao huo mna chipu ndogo yenye maandishi yaitwayo bayosi. Hayo ndiyo ya kwanza kusomwa kila mashine inapoamka, kabla ya Windows. Kazi yake ni kutambua: hii ni prosesa fulani, hii ni ramu, hii ni diski, kisha huikabidhi Windows kazi.

Ifananishe bayosi na mlinzi wa mlangoni mwenye daftari la majina. Mgeni ambaye jina lake limo hufunguliwa. Mgeni ambaye jina lake halimo hukaa nje, hata kama ni mtu mwema na amevaa vizuri. Sasa fikiri: mazabodi imetengenezwa mwaka 2018, na prosesa imetoka mwaka 2022. Daftari lililoandikwa mwaka 2018 litawezaje kuwa na jina la mtoto aliyezaliwa mwaka 2022? Prosesa ni nzima, mazabodi ni nzima, lakini hazijuani. Ndiyo maana feni huzunguka na kioo hubaki cheusi.

Dawa yake ni kumpa mlinzi daftari jipya, yaani kusasisha bayosi. Zamani ilibidi mara nyingi kuitoa chipu yenyewe na kuweka nyingine. Siku hizi chipu huandikwa upya papo hapo, na kampuni iliyotengeneza mazabodi hutoa maandishi mapya bure katika intaneti.

Lakini shikeni neno hili, maana ndipo watu wanapoanguka: kazi ya kunakili daftari jipya kwa kawaida hufanywa na mashine yenyewe ikiwa imeamka, na haiwezi kuamka bila prosesa inayoijua. Kwa hiyo prosesa ya zamani hufanya kazi hiyo kabla haijatolewa. Andika bayosi kwanza, badili prosesa baadaye. Ukigeuza utaratibu huu, umejifungia mlango na ufunguo uko ndani.

Mifano miwili ya kweli

Kampuni ya AMD ya Marekani ilileta soketi iitwayo AM4 mwaka 2016. Prosesa zake za kwanza za Ryzen zilitoka mwaka 2017, na mazabodi za aina ya B450 zikatoka mwaka 2018. Mwezi Mei 2020 kampuni ilitangaza kwamba mazabodi hizo hazitapokea kizazi kipya cha prosesa. Wenye mashine walilalamika sana, na mwezi huo huo kampuni ikageuza neno lake. Basi leo mazabodi ya B450 yaweza kupokea Ryzen 5 5600 iliyotoka mwaka 2022, lakini kwa sharti kwamba bayosi yake imeandikwa upya.

Mfano wa pili ni wa Intel. Prosesa zake za kizazi cha 6 na cha 7, na zile za kizazi cha 8 zilizotoka mwishoni mwa mwaka 2017, zina umbo moja na zinaingia katika soketi ya namna moja, 1151. Lakini mazabodi zilizotengenezwa kwa kizazi cha 6 na cha 7 hazikupewa na watengenezaji bayosi ya kizazi cha 8. Yafaa tulikumbuke hili hasa, kwa kuwa kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu ni za mtumba, zilizotumika maofisini Ulaya na kwingineko. Kuingia katika tundu si kukubaliwa. Watu wawili waweza kuvaa kiatu cha namba moja wasiwe ndugu.

Kabla ya kupanda basi

Hapa nasema juu ya kompyuta ya mezani. Laptopu nyingi za siku hizi prosesa yake imelehemewa, haibadilishwi.

Chukua karatasi uandike mambo matatu. La kwanza, jina kamili la mazabodi, pamoja na namba ya toleo la ubao wenyewe; yameandikwa juu ya ubao. Kama ni kompyuta nzima ya kampuni, andika jina la kompyuta hiyo na modeli yake. La pili, jina la prosesa iliyomo sasa. La tatu, toleo la bayosi na tarehe yake. Katika Windows, andika neno msinfo32 mahali pa kutafutia, utayaona.

Kisha mwombe mwenye simu ya intaneti, pengine mwalimu au kijana wa kwaya, afungue ukurasa wa kampuni iliyotengeneza mazabodi. Humo mna orodha ya prosesa zinazokubaliwa, na kando ya kila jina limeandikwa toleo la bayosi linalotakiwa. Kama prosesa unayoitaka haimo katika orodha, baki nyumbani na fedha zako. Kama imo, lakini toleo lako la bayosi ni la nyuma, sasisha bayosi huku huku nyumbani, kabla ya safari.

Angalia tena herufi za mwisho za jina. Ryzen 5 5600 haina uwezo wa kutoa picha yenyewe, 5600G inao. Ikiwa mashine yako haina kadi ya picha, ukaitoa prosesa yenye picha na kuweka isiyo na picha, kioo kitakuwa cheusi hata kama bayosi ni mpya kabisa. Herufi moja tu!

Ukifika Kariakoo

Mtu wa bara hushuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, akapanda mwendokasi mpaka Kariakoo. Jina hilo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na hata leo mahali pale pamejaa watu wenye mizigo. Katika mitaa ya Msimbazi, Uhuru na Aggrey utasukumwa na kuitwa kila upande: "Baba, karibu! Kaka, unatafuta nini?" Usinunue katika duka la kwanza kwa sababu ya haya. Wala usimtolee mtu wa njiani fedha zako.

Mwonyeshe mwenye duka karatasi yako. Muuzaji mwema ataisoma na kukuuliza maneno. Yule asemaye, "Hii inaingia mashine zote," mwache, kwa kuwa prosesa ya namna hiyo haipo. Kama ni ya mtumba, omba ijaribiwe mbele ya macho yako. Mkubaliane juu ya kurudisha kabla hujalipa, na mapatano hayo yaandikwe. Dai risiti ya mashine ya EFD. Bila hiyo utadai kwa kitu gani?

Tena, prosesa za AM4 zina miguu midogo chini yake, zaidi ya elfu moja, laini kama nywele. Iache ndani ya plastiki yake, uibebe mkononi au katika kisanduku kigumu. Prosesa iliyosafiri katika mfuko wa suruali, katikati ya funguo na sarafu, yaweza kufika nyumbani imepinda miguu.

Namna ya kuandika bayosi

1. Hifadhi kwanza mahali pengine maandiko yote ya muhimu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48, uuandike, kisha simamisha ulinzi huo kwa muda. Usipofanya hivyo, waweza kufungiwa nje ya vitabu vyako mwenyewe.

2. Chukua faili katika ukurasa wa kampuni yenyewe tu, la mazabodi yako hasa, toleo la ubao wako hasa. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kiitwacho CIH kilifuta bayosi za mashine nyingi ulimwenguni, na mashine hizo zikashindwa kuamka. Maandishi mabaya katika chipu hiyo si jambo la mchezo.

3. Soma maneno yaliyo kando ya faili. Mara nyingine hudai upitie toleo la katikati kwanza. Mara nyingine huonya kwamba toleo jipya limeacha prosesa za zamani kabisa, na hutaweza kurudi nyuma.

4. Weka faili katika flashi safi ya mfumo wa FAT32. Washa mashine huku ukibonyeza Delete au F2, uingie katika bayosi, uchague chombo chake cha kusasishia. Gigabyte hukiita Q-Flash, ASUS hukiita EZ Flash, MSI hukiita M-Flash.

5. Kazi ikianza, usiguse kitu. Huchukua dakika chache tu, lakini umeme ukikatika katikati, daftari la zamani limefutwa na jipya halijaisha kuandikwa. Tumia kisanduku cha betri cha kushikilia umeme. Kama huna, basi usifanye siku ya mvua na radi, wala saa ambazo umeme huwa unasumbua.

6. Mashine ikiamka vizuri na prosesa ya zamani, hakikisha kwamba toleo jipya linaonekana. Hapo ndipo uzime, uchomoe waya ukutani, ubadili prosesa na kuweka dawa mpya ya kupitisha joto.

Na ikiwa kioo kimekwisha kuwa cheusi?

Nakurudia wewe baba uliyeandika. Mwambie kijana airudishe prosesa ya zamani mahali pake. Kama mashine itaamka, mazabodi haikufa. Kamili na asasishe bayosi kwa utaratibu niliousema, mradi tu prosesa mpya imo katika orodha. Kama prosesa ya zamani imekwisha kuuzwa, tafuteni fundi mwenye prosesa ya namna hiyo awaazime kwa saa moja. Mazabodi nyingine zina kitufe cha pekee nyuma, cha kuandika bayosi kwa flashi hata bila prosesa. Tena mafundi wengi wa mjini wana kifaa kidogo cha kubana chipu na kuiandika moja kwa moja. Hata mashine iliyokatikiwa na umeme katikati ya kazi mara nyingi huponywa hivyo.

Kwa hiyo neno "imekufa" lisikubaliwe upesi. Muulize fundi: Umejaribu prosesa nyingine? Umeandika bayosi upya? Fundi mwaminifu hatakasirika kuulizwa. Nanyi mafundi mnaosoma gazeti hili, sikieni: kumwambia mkulima kwamba kitu chake kimekufa, huku mkijua kwamba ni kizima, ili mkinunue kwa bei ya chuma, ni wizi kama wizi mwingine, na amri ya saba haikusahau kazi yenu. Mkulima yule hana namna ya kuona ndani ya chipu. Anauona uso wako tu, na ameuamini.

Nanyi wazazi, msiwalaumu vijana kwa ukali mkubwa mambo yanapokwenda vibaya. Wengi wanajua kufungua na kufunga. Kilichopungua ni kuuliza kwanza. Katika Injili ya Luka sote tunaujua mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Kazi yake ya kwanza si kubeba mawe, ni kuketi na kuhesabu. Kuketi huko hakuna gharama, na karatasi yenye majina matatu haizidi uzito wa unyoya. Kijana atakayejifunza kuandika karatasi hiyo kabla ya kupanda basi atakuwa amepata kitu kitakachomfaa hata katika kununua shamba na katika kuchagua mwenzi wa ndoa.

Kwaherini mpaka juma lijalo. Mungu awabariki nyumbani mwenu.