Utelezi wa mvua: kwa nini madereva wapya wanaanguka, na nani anaweza kuzuia

Mvua zikianza huku Ngara na Biharamulo, hata simu za wasikilizaji wetu hubadilika. Wakati wa kiangazi mnatuuliza bei ya maharage na kahawa. Mvua zikishika mnatuuliza kama njia ya Rulenge inapitika, na kila wiki hakosi mtu wa kutueleza habari za kijana aliyeanguka na pikipiki kwenye mteremko, yeye na abiria wake. Mara nyingi kijana huyo ni mgeni kwenye kazi.

Maelezo yanayofuata huwa mawili: barabara mbaya, au bahati mbaya. Tumeona tulizungumze hili kwa kirefu, kwa sababu maelezo hayo yote yanamwacha nje dereva mwenyewe, aliyemfundisha na aliyemkabidhi pikipiki.

Barabara ina lake, hatukatai. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya na vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Kalavati likibebwa na maji, ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji au diwani ili wahusika wajue. Lakini njia nyingi za Bugarama, Keza na Bukiriro ni za udongo, na zitaendelea kuwa za udongo wakati watoto wetu wanaendesha. Vuli ya Oktoba hadi Desemba itakuja, na masika ya Machi hadi Mei nayo itakuja. Utelezi si ajali, ni msimu.

Kwa nini udongo wetu unateleza hivi?

Udongo mwekundu wa vilima vyetu una mfinyanzi mwingi. Ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu. Ukilowa juu tu, chini bado pakavu, panatokea utando laini kama sabuni. Ndiyo maana mvua ndogo ya dakika kumi inaweza kuangusha watu wengi kuliko mvua kubwa ya usiku kucha. Mfinyanzi huo pia unajaza kashata za tairi, na tairi iliyojaa tope haina tofauti na tairi kipara.

Lami nayo ina utelezi wake. Mvua ya kwanza inachanganya vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani, na kwa muda lami inakuwa ya hatari kuliko inavyoonekana. Anayetoka njia ya udongo na kuingia barabara kubwa pale Benaco, yenye malori ya kwenda na kutoka Rusumo, anaingia na tope kwenye tairi. Akikunja kona kwa kasi, tairi haishiki.

Halafu kuna hesabu ya mwendo ambayo wengi hawaijui. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Aliyekuwa kilomita 20 kwa saa akapanda hadi 40 anahitaji nafasi mara nne ili asimame. Na kabla hata hajagusa breki, kwa mwendo huo wa 40 kila sekunde moja ya kushtuka inamtembeza mita 11. Kwenye tope, nafasi hiyo haipo.

Wenye barafu wanafanyaje?

Kuna nchi ambazo barabara zao zinafunikwa na theluji na barafu miezi kadhaa kila mwaka. Sisi theluji tunaisikia Kilimanjaro, lakini tatizo lao na letu ni moja: tairi inakosa pa kushika, na dereva mpya hajui mpaka ameshaanguka.

Sweden, mtu anayetaka leseni ya gari lazima kwanza apite kwenye uwanja maalumu wa utelezi uliotengenezwa makusudi. Norway nao wana mafunzo kama hayo. Mwanafunzi anaendesha, gari linateleza, mwalimu yuko pembeni, na hakuna anayeumia.

Lakini walijifunza jambo moja kwa gharama. Zamani mafunzo hayo yalilenga kumfanya kijana awe fundi wa kuokoa gari linaloteleza. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Norway waliona kwamba baadhi ya vijana wa kiume waliofundishwa hivyo walipata ajali zaidi, kwa sababu walitoka wakijiona mabingwa. Siku hizi lengo limegeuka: kijana aone kwa macho yake jinsi mwendo mdogo tu unavyotosha kumtoa barabarani, ili apunguze mapema.

Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwendesha pikipiki awe na leseni ya daraja A, na hilo ni la lazima. Ila tujiulize kwa ukweli: wangapi kati ya vijana wetu walifundishwa kuendesha kwenye tope? Wengi walifundishwa na rafiki, jioni mbili tatu, uwanja wa mpira, kiangazi. Tope wanakutana nalo mara ya kwanza wakiwa na abiria nyuma.

Hesabu ya bosi nayo ni sehemu ya ajali

Vijana wengi wanaendesha pikipiki za mkataba. Tajiri ananunua, kijana analeta hesabu kila siku au kila wiki mpaka pikipiki iwe yake. Mvua ikinyesha abiria wanapungua, mafuta yanatumika zaidi, lakini hesabu inabaki ileile. Basi kijana anatoka wakati wazoefu wamesimama kijiweni wakisubiri njia ikauke. Anabeba mshikaki, abiria wawili badala ya mmoja, na anakimbia ili arudie safari nyingine.

Tunawaelewa wenye pikipiki. Wengine wamekopa, na mkopo hausubiri mvua iishe. Lakini pikipiki iliyovunjika haileti hesabu, na kijana aliyelazwa Murgwanza haleti hesabu. Mkataba unaweza kuandikwa kwamba siku za mvua kubwa zinasogezwa mbele, mwisho wa mkataba. Tajiri hapotezi fedha yake, anaipata baadaye kidogo.

Nini kifanyike wiki hii?

Kwa dereva mpya: mwombe mzoefu wa kijiweni akupe saa moja baada ya mvua, pikipiki tupu, mahali pasipo na watu wala magari, mwendo wa mtu anayetembea. Shika breki taratibu uone inavyoteleza. Punguza mwendo kabla ya mteremko, si katikati yake. Shuka na gia ya kwanza au ya pili, uiache injini ikuzuie. Usikamate klachi muda wote, na usishuke na free eti unaokoa mafuta. Breki ya mbele ikikamata ghafla kwenye tope, unaanguka kabla hujajua. Tumia ya nyuma kwa upole, usukani ukiwa umenyooka. Toa tope kwenye tairi kabla ya kuingia lami.

Kwa wenye Hiace na michomoko ni yaleyale: gia ndogo, usukani usikatwe ghafla, na umbali mrefu na gari la mbele. Tairi kipara ibadilishwe kabla ya msimu, si baada ya kuanguka.

Kwa abiria: una sauti. Tulimsikia mama mmoja akimwambia dereva, "Mwanangu, nishushe hapa, huu mlima nitaupanda kwa miguu." Kijana akajibu, "Kaa tu mama, tutafika." Mama akasisitiza, akashuka, wakakutana juu ya kilima. Akalipa nauli yote bila kupunguza. Hapo ndipo penye somo, maana kijana akijua kwamba kumshusha abiria kwenye mteremko hakumnyimi nauli, atamshusha mwenyewe bila kuombwa. Na kofia ngumu ni ya wote wawili, dereva na abiria.

Kwa wazazi mnaouza kahawa au ng'ombe mkamnunulia kijana pikipiki: msimkabidhi ufunguo kiangazi mkadhani kazi imekwisha. Subirini mvua moja inyeshe, mkasimame mkamwangalie anavyoshuka mteremko wa nyumbani kwenu. Mkiona bado anashika breki kwa hofu, abebe kwanza mzigo wa ndizi wiki mbili kabla ya kubeba mtoto wa mtu.