Yumo kwenye daftari la kura, hayumo kwenye la kodi

Anayevuka Likoni kwa miguu halipi kitu. Hupita langoni, husubiri chini ya paa pamoja na umati, feri ikitia gati huteremka na wenzake, na baada ya dakika chache yuko kisiwani Mombasa. Yanayotozwa ni magari. Ni huduma chache za serikali ya Kenya ambazo mpishi wa hoteli, mwanafunzi na kibarua wa bandarini huzipata kwa usawa namna hii. Atakayetaka kuona kodi ikifanya kazi yake katika nchi inayojitawala kwa kura, aanzie hapo.

Tatizo ni jinsi tunavyoizungumzia. Tunaiita feri ya bure, kana kwamba mafuta yake, mishahara ya mabaharia na matengenezo hutoka mfukoni mwa mkarimu fulani. Ikichelewa au injini ikigoma, abiria hunung'unika kama mgeni aliyecheleweshewa chakula: kwa sauti ya chini, asije akaonekana hana shukrani. Kumbe analipa. Mwendesha bodaboda wa Shika Adabu pengine hajawahi kuona fomu ya kodi ya mapato, lakini tangu Julai 2024 kila lita ya petroli anayotia ina shilingi 25 za matengenezo ya barabara, kutoka 18 za awali, na juu yake kuna asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani. Akituma pesa kwa simu, ada ya kutuma ina ushuru ndani yake. Akinunua saruji, vilevile. Kodi yake imefichwa ndani ya bei, na kwa sababu haionekani, wanasiasa humtaja kama mtu wa kusaidiwa. Jina la mlipa kodi wamewaachia wenye hati za mishahara.

Katiba ya 2010 haikukusudia hivyo. Kifungu cha 201 kinataka fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi, wananchi washirikishwe, na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 209 kinagawa vyanzo vyenyewe: kodi ya mapato, ya ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa ni za serikali ya kitaifa. Kaunti zimeachiwa kodi ya majengo na ardhi, kodi ya burudani, na nyingine yoyote ambayo Bunge litaidhinisha, pamoja na ada za huduma zao. Kwa hiyo uzi unaopaswa kumfunga mkazi na kaunti yake ni ile kodi ya ardhi ambayo mjini tunaiita reti. Mwenye kiwanja analipa, kaunti inazoa taka na kuweka taa, taa zisipowaka mwenye kiwanja anamtafuta mwakilishi wadi wake.

Uzi huo, upande wa bara wa Mombasa, umekatika tangu zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwapa watu binafsi wa ukanda wa pwani nafasi ya kudai mashamba na kupewa hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Umiliki wa pamoja wa Wamijikenda haukuwa na mahali katika utaratibu huo. Matokeo yake tunaishi nayo mpaka leo Kisauni na Likoni: nyumba ni ya huyu, ardhi iliyo chini yake ni ya yule. Mtu hujenga, huzeeka humo, huwarithisha wanawe kuta na mabati, na kila mwezi hupeleka kodi ya kiwanja kwa wakala wa mwenye shamba, ambaye huenda wapangaji hawajawahi kumwona. Wengine hawamlipi yeyote, wanaitwa maskwota.

Sasa fikiria daftari la ukadiriaji la kaunti. Linamtambua mwenye hati peke yake. Mama aliyejenga Mtopanga miaka thelathini iliyopita yumo kwenye daftari la wapiga kura. Kwenye la reti hayumo. Mwenye shamba yumo, lakini hana haja na taa ya barabarani ya Mtopanga kwa sababu hakai huko. Anayelipa haoni, anayeona halipi kwa jina lake. Wataalamu wa uchumi watasema reti ya mwenye shamba hatimaye humshukia mpangaji ndani ya kodi ya kiwanja. Huenda ni kweli, lakini mtu hawezi kwenda kwenye ofisi ya wadi akiwa ameshika kodi iliyomshukia. Huko huulizwa risiti.

Kaunti inayoshindwa kukusanya kwenye ardhi hukusanya kwenye jasho. Asubuhi pale Kongowea, muuza mchicha aliyetandaza gunia chini hufikiwa na mtoza ushuru kabla hajauza fungu la tatu. Akikosa, mizani au gunia lenyewe huenda likapandishwa kwenye gari la askari wa kaunti. Mwenye ekari kadhaa zenye deni la reti la miaka hupata barua. Na kaunti za Kenya, Mombasa ikiwemo, zina mtindo wa kutangaza msamaha wa riba ili wadaiwa wa reti walipe deni la msingi tu. Sijawahi kusikia msamaha wa riba wa tikiti ya soko.

Kuna waliojaribu kuunganisha tena ule uzi wa ardhi kutoka juu. Mwaka 2015 serikali ilinunua ekari 930 za shamba la Waitiki, lililokaliwa na maskwota huko Likoni, kwa zaidi ya shilingi bilioni moja, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaanza kugawa hatimiliki. Kila aliyepewa alitakiwa kurudisha shilingi 182,000 kidogo kidogo kwa miaka. Wengi walilalamika: vipi tununue ardhi tunayoiona ni ya wazee wetu? Malalamiko yana uzito. Hata hivyo ununuzi huo uliwageuza maskwota kuwa watu wanaojulikana kwa kaunti, na ulilipwa na kodi ya nchi nzima, pamoja na ya mkulima wa Kitale asiyejua Likoni iko wapi. Lakini si njia ya kurudiwa kwa kila shamba. Hazina haina bilioni za namna hiyo kila mwaka, na kila ununuzi humfundisha mwenye shamba jirani kusubiri zamu yake.

Kitaifa mambo si tofauti sana, na Changamwe, jirani na bandari ya Kilindini, ndiyo shahidi. Tangu 2013 bidhaa zinazoingizwa nchini zimetozwa tozo ya maendeleo ya reli, ikianzia asilimia 1.5. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ikaanza kazi 2017, kisha yakaja maagizo kwamba mizigo ipande treni hadi Nairobi. Madereva, yadi za makontena, mafundi wa magari na mama lishe wa Changamwe na Miritini wakaachwa wakihesabu malori yaliyopungua. Watu wakaandamana, na 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikayatupa maagizo hayo kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Hata hivyo mvutano haukuisha hadi Rais William Ruto alipoyabatilisha Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake. Tozo iliyokusanywa pale pale Kilindini ilikuwa imesaidia kugharimia kitu kilichowanyima watu wa Kilindini kazi.

Hapo wengi huruka hadi kwenye kauli kwamba bandari ni yetu na ushuru wake ubaki hapa. Siikubali. Ushuru wa forodha wa friji iliyoshushwa Kilindini hulipwa na aliyeinunua Eldoret. Tunachoweza kudai kwa haki ni reti: uwanja wa ndege, matangi ya mafuta na yadi zimekalia ardhi ya Changamwe, na serikali ya kitaifa inapaswa kuzilipa kaunti mchango badala ya reti kwa ardhi yake. Deni hilo ni kilio cha kaunti cha miaka mingi.

Juni 2024 vijana walijaa barabarani, Mombasa pia, kwa sababu walisoma Muswada wa Fedha na kukuta asilimia 16 kwenye mkate. Tarehe 26 Rais akakataa kuutia saini. Baadaye mgao wa kaunti zote ukashushwa kutoka bilioni 400 hadi 387, jambo ambalo halikuvuta umati. Wala umati hauji kwenye vikao vya Muswada wa Fedha wa kaunti, vinavyofanyika ukumbini siku ya kazi, mchana, mbele ya viti vitupu na wafanyabiashara wachache wenye mawakili.

Mimi ningeanza na mambo mawili. Sheria mpya ya reti ya 2024 imechukua nafasi ya zile za zamani. La kwanza, kanuni za kaunti chini yake zimtambue mwenye nyumba asiye na ardhi, alipe kiasi kidogo kwa jina lake, na iandikwe wazi kwamba risiti hiyo si hati na haimhalalishi wala kumfukuza yeyote. Maskwota wengine wataiogopa, na wana sababu. La pili ni rahisi zaidi. Kwenye kikao kijacho, mkazi wa Kisauni anyanyuke aombe orodha ya wadaiwa wakubwa wa reti, taasisi za serikali zikiwemo. Afisa asijibu kwamba haijaandaliwa, maana mtu hasamehewi riba kabla deni lake halijapigiwa hesabu.