STAA WA KILIMATINDE AINGIA CHAKA NA WAINI YA "1855"!

Kuna staa mmoja, jina kapuni, karudi kwao Kilimatinde na chupa ya waini nyekundu ya Ufaransa. Kaposti: "Huu mzigo wa 1855, nyie endeleeni na Dompo zenu!"

Jamani! 1855 ni mwaka mashamba ya Bordeaux yalipopangwa madaraja kwa ajili ya maonyesho ya Paris. Mwaka wa mavuno upo hapo hapo kwenye lebo: 2017!

Anywe anachotaka, hela yake. Ila hiyo Dompo anayoicheka inatoka Dodoma, jirani zake kabisa, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na wakulima wanalilia soko. Posti moja tu ya staa ingewabeba. Yeye kaona bora awatukane, na lebo yenyewe hajui kuisoma!

Wadau mnasemaje? Dondosheni komenti.