Uzito wa basi una sheria, moyo wa dereva je?

MFANYABIASHARA anayetoka Arusha kufuata mzigo Nairobi hushuka Namanga, hugonga pasipoti, hukaguliwa bidhaa zake, kisha safari huendelea. Uzito wa magari makubwa barabarani una sheria moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), ya mwaka 2016. Sheria hiyo haigusi shinikizo la damu la aliyeshika usukani.

Dereva wa basi, daladala au matatu hushinda katikati ya ngurumo za injini, honi na muziki. Wengi husema wamezoea. Hata hivyo, kelele huamsha homoni za msongo, mishipa ya damu hubana na shinikizo hupanda. Hali hiyo ikijirudia kwa miaka, moyo huumia. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwa Ulaya kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53, likizingatia pia maradhi ya moyo.

Kelele haiji peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1953 ulionesha madereva wa mabasi ya London, waliokaa kutwa, waliugua moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Mwaka 2021, WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walieleza kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinaruhusu kelele kazini hadi desibeli 90 kwa saa nane. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri 85 ili kulinda masikio. Kwa hesabu yake, desibeli 90 zisizidi kama saa mbili na nusu. Safari ya Nairobi hadi Kampala huchukua zaidi ya hapo.

Dereva akizidiwa barabarani, abiria na mtaji wao wamo ndani. Vituo vya pamoja vya mpakani tayari vinakusanya maofisa wa nchi mbili mahali pamoja. Kumpima dereva shinikizo wakati abiria wako foleni ni kazi ya dakika chache. Kabla serikali hazijakubaliana, abiria wanaweza kuomba muziki upunguzwe. Hilo halihitaji kibali.