Jicho la Mwenye Kisukari na Safari za Tunduma

Tunduma ni mji wa wasafiri. Malori hungoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na wachuuzi huenda na kurudi mpakani kila uchao. Hali hiyo yafaa kufikiriwa na kila anayetibu kisukari mkoani Songwe, kwani sindano ya macho inayosifiwa leo humtaka mgonjwa arudi hospitalini mara kwa mara, pengine kila mwezi.

Sababu yake imo ndani ya jicho lenyewe. Sukari inayokaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Baadhi ya mishipa huziba, na sehemu ya retina hukosa oksijeni. Katika seli zake imo protini iitwayo HIF. Oksijeni ikiwapo, protini hiyo huvunjwa mara inapotengenezwa. Ikipungua, husalimika, huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni ya protini nyingine, VEGF. Hii ya pili hutoka nje, hushika vipokezi vya mishipa jirani, na mishipa huanza kuchipua. Retina yenye njaa imeomba msaada, lakini msaada unaofika ni mbovu: mishipa mipya ni dhaifu, huvuja damu, na kovu linaloandamana nayo laweza kuivuta retina hadi ibanduke.

Mwaka 1948 Isaac Michaelson alikwisha kukisia kwamba retina hutoa kitu kinachoita mishipa. VEGF yenyewe ilitambuliwa mwaka 1989, na utafiti wa jinsi seli zinavyohisi oksijeni ukapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Dawa ya bevasizumabu, iliyoanza kama dawa ya saratani ya utumbo mpana, hudungwa jichoni ikainasa VEGF kabla haijafika kwenye kipokezi. Tangu mwaka 2013 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya macho. Ni tiba njema. Hata hivyo hairudishi oksijeni. Baada ya wiki kadhaa nguvu yake huisha, HIF ingali kazini, na wito hutolewa upya.

Ndiyo maana si haki kuidharau leza eti ni ya zamani. Leza huunguza sehemu za pembeni za retina, mahitaji ya oksijeni yakapungua, na VEGF nayo ikashuka. Mgonjwa hupoteza kiasi cha uoni wa pembeni na wa usiku, hasara isiyo ndogo kwa dereva, na apaswa kuambiwa mapema. Lakini faida yake hudumu. Tafiti zimeonyesha kuwa waliokatisha tiba baada ya sindano peke yake walidhurika zaidi kuliko waliokatisha baada ya leza. Kwa mtu ambaye mwezi ujao huenda yuko Lusaka, swali la kwanza la tabibu liwe: utaweza kurudi?

Swali hilo huulizwa kwa kuchelewa iwapo jicho halikuchunguzwa mapema. Mishipa huweza kuchipua huku mgonjwa akisoma vizuri herufi zote za ukutani. Akianza kuona ukungu hudhani ni mtoto wa jicho, au hununua miwani sokoni. Kliniki inayopima sukari na shinikizo la damu, kisha ikamruhusu mgonjwa bila kumwandikia rufaa ya macho, imefanya nusu ya kazi. Mwenye kisukari cha aina ya pili apanuliwe mboni na kuchunguzwa retina mara tu ugonjwa unapogunduliwa, kisha kila mwaka. Mjamzito aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba achunguzwe mapema katika ujauzito. Naye aonaye ghafla madoadoa meusi yakielea, au pazia likishuka mbele ya jicho, asingoje tarehe ya kliniki. Apewe rufaa siku hiyo hiyo, hata kama safari ni ya kwenda Mbeya.